Unga wa Diatomaiti na Minyoo ya Kuku: Jaribio la Kanada Lilipima Nini?

Tiba za asili za minyoo ya kuku hazikosekani: mbegu za papai, kitunguu saumu, shubiri, majivu. Kinachokosekana ni kuku wa kulinganisha nao. Mfugaji hulilisha kundi zima mbegu za papai, baada ya wiki mbili kuku wamechangamka, na papai linapata sifa, ingawa huenda ni mvua tu iliyokatika na mayai ya minyoo uwanjani yakakosa unyevu wa kuivia. Ndiyo maana jaribio la University of British Columbia, Kanada, lililochapishwa mwaka 2011, linastahili kusomwa taratibu.

Watafiti walijaribu unga wa diatomaiti, mwamba laini uliotokana na magamba ya silika ya mwani wadogo mno. Kenya inao; unachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Walichukua kuku wa mayai waliofugwa huria wa aina mbili: Lohmann Brown, wanaohimili minyoo, na Bovan Brown, wasiohimili sana. Nusu ya kila aina walichanganyiwa unga kwa asilimia 2 ya chakula, yaani kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50. Nusu nyingine hawakupewa.

Kuweka aina mbili ndiko kulikoliokoa jaribio. Kwa Lohmann Brown, unga haukubadilisha hali ya minyoo kwa kiwango cha kujivunia. Kwa Bovan Brown, mayai ya minyoo ya Capillaria kwenye kinyesi yalipungua, na Heterakis, minyoo midogo inayokaa katika vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, ilikutwa kwa kuku wachache zaidi na kwa idadi ndogo zaidi.

Matokeo hayo mawili siyapi uzito sawa. Ya Capillaria yalitokana na kuhesabu mayai kwenye kinyesi kila wiki mbili. Sasa, kuku waliopewa unga walikula zaidi, na unga wenyewe haumeng'enywi. Unaingia na kutoka. Kinyesi kikiongezeka, mayai yale yale husambaa humo, na hesabu kwa gramu inaweza kushuka kidogo bila mnyoo hata mmoja kufa. Heterakis ilihesabiwa kwa kupasua utumbo wa kuku waliokufa na kutazama minyoo yenyewe. Huo ndio ushahidi ninaoutegemea.

Madukani utaambiwa kwamba chembe za unga zina kingo kali zinazomkatakata mnyoo. Maelezo hayo yanapwaya. Dhidi ya wadudu, unga hufanya kazi ukiwa mkavu: hufyonza nta inayofunika ngozi ya mdudu, naye akapoteza maji na kufa. Tumbo la kuku limelowa tangu kooni hadi mwisho, nani atakauka humo? Watafiti hao hao waliwapaka kuku unga manyoyani dhidi ya utitiri, na utitiri ukapungua kwa aina zote mbili. Huko nje maelezo na matokeo vinapatana.

Kisha kuna mayai ya kuuza. Kuku waliokula unga, wa aina zote mbili, walikuwa wazito zaidi na walitaga zaidi. Muuzaji atasimamia hapo. Hatakuambia kwamba pia walikula zaidi, na ufanisi wa kugeuza chakula kuwa mayai haukutofautiana na wa wenzao. Wala hatakuambia kwamba Lohmann Brown walitaga zaidi huku minyoo yao ikiwa pale pale, kwa hiyo ongezeko hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa faida ya kufukuza minyoo.

Kwa hiyo unga huu ni msaada kwa kundi dhaifu, si dawa ya kundi lililokwisha kushambuliwa. Kuku waliokonda, wanaohara na kupunguza utagaji wapimwe kinyesi, kisha wapewe dawa anayoelekeza mtaalamu wa mifugo. Anayetaka kuujaribu unga aligawe kundi lake nusu kwa nusu. Anunue ule wa kulishia mifugo, si uliochomwa kwa ajili ya vichujio, kwa sababu kuchomwa hugeuza sehemu ya silika kuwa fuwele zinazoharibu mapafu. Na hata huo wa mifugo, avae barakoa anapouchanganya.