Mabingwa wa Mstari Mmoja

Anayetaka kumjua mwandishi hodari wa Kiswahili asianze na kitabu kinene. Aingie duka la kanga, Darajani Unguja, Kariakoo Dar es Salaam au Mtaa wa Biashara Mombasa, asimame kando awatazame wateja. Muuzaji anatandaza doti mpya. Mteja anapapasa kitambaa, anasifu rangi, anakagua pindo na mji wa katikati, kisha anainama kusoma. "Hii nayo inasemaje?" Nimeona doti nzuri ajabu ikikunjwa na kurudishwa rafuni kwa sababu ya maneno manne yaliyochapwa chini ya mji. Maneno hayo ndiyo jina la kanga, na jina likikosa ladha nguo hulala dukani hata rangi zake zipendeze vipi.

Kanga husifiwa sana kwa rangi. Mimi namsifu mwandishi wake.

Kazi yake ni ngumu. Amepewa kisanduku chembamba, herufi kubwa, na hana aya ya pili ya kujieleza. Humo lazima penzi liingie, au shukrani, au ugomvi wa miaka. Tazama "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Ni maneno manne, na ndoa nzima imo: uchumba, matumaini, uvumilivu, na asubuhi ya kufumbuka macho. Mzigo wote umebebwa na "kumbe". Kabla yake yuko mtu anayependa, baada yake yuko mtu mwingine kabisa. Au "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake": meno yamerefuka kidogo tu yakawa maneno, na hofu ikageuka ujasiri. Mshairi wa vina na mizani akiusoma mstari huo atamtambua ndugu yake wa fani.

Hata hivyo, kilele cha ufundi huu kiko katika kile kinachoachwa nje. Mwandishi hamtaji mtu. "Hasidi hana sababu." Hasidi gani? Mwandishi hajui, wala hahitaji kujua. Nafasi ya mlengwa ameiacha wazi, na mvaaji ndiye anayeijaza. Mama mmoja Tanga anainunua kwa ajili ya jirani wa mlango wa pili. Mwingine Lamu anamkusudia wifi yake. Wa tatu ameipenda rangi tu, hana vita na mtu, lakini akipita nayo mtaani wanawake kadhaa watalala wakijiuliza kama wamesemwa. Hapo fundi huyu anatushinda wengi tuandikao kurasa kwa kurasa. Anajua kuwa binadamu akisikia lawama isiyo na mwenyewe, huiokota akaipeleka nyumbani kwake.

Halafu kuna mahali jina linapokaa. Kanga ikifungwa kiunoni au kifuani, maandishi aghalabu huangukia nyuma, kwa hiyo husomwa mvaaji akiwa amekwisha kupita. Shikamoo imetolewa, marahaba imeitikiwa, hali za watoto zimeulizwa kwa heshima zote. Ndipo mgongo unapogeuka na neno linaposomeka. Aliyelengwa atamjibu nani? Akilalamika, amejitaja mwenyewe. Ataambiwa hii ni nguo, nimeinunua dukani kama wengine. Njia iliyobaki ni yeye pia kwenda kutafuta doti yenye neno kali zaidi, na mashindano ya namna hiyo yanaweza kuendelea msimu mzima bila mtu kupandisha sauti.

Nauheshimu sana ustaarabu huo. Watu waliopakana ukuta kwa ukuta, wanaoazimana chumvi na kuzikana, hawana nafasi ya kutukanana asubuhi kisha wakakaa mkeka mmoja jioni. Hasira yao ni ya kweli na inadai kusemwa. Mwandishi wa kanga ameipatia njia ya kutokea ambayo haiuvunji mtaa.

Wala si ajabu kwamba sanaa hii ilistawi pale na wakati ule. Kanga ilienea Pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama ambazo nguo ilitangaza cheo cha mtu, na kaniki ilikuwa vazi la watumwa. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka katika utumwa waliitupa kaniki wakaikimbilia kanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 maneno yakaanza kuchapwa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Mtu ambaye juzi hakuwa na ruhusa ya kufungua kinywa mbele ya bwana wake, sasa aliweza kuchagua sentensi ya kutembea nayo mjini, mchana kweupe. Sijaona maandishi yaliyomfanyia msomaji wake hisani kubwa kuliko hiyo.

Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 linasifiwa kwa kuyaeneza majina haya, na chapa yake ya "Mali ya Abdulla" inasomeka kwenye kanga hadi leo. Mwenye biashara tunamjua. Mtungaji hajulikani. Mengine aliyatoa kwenye methali, mengine yalitoka vinywani mwa wanawake wenyewe, na hakuna aliyetia sahihi. Ndiyo maana naumia nikikuta kanga iliyochapwa ovyo, herufi imeruka, neno limekatwa vibaya. Mstari uliopimwa kwa makini namna hiyo unastahili mchapaji anayeusoma kabla ya kuupeleka mtamboni.

Laiti ningekuwa na darasa la uandishi, insha ya kurasa tano ingesubiri mwisho wa muhula. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi angepewa kisanduku cha kanga: maneno yasiyozidi saba, asitaje mtu, asitukane, na mama mkwe akimaliza kuyasoma asijue kama amesifiwa au ameonywa.