Sambusa na bukari: chakula cha nani?

Kwetu Likasi kuna batu banasema: sambusa si mila yetu, ni ya Wahindi. Ni kweli nusu tu. Wapakistani wanaiuza barabarani kwa jina la samosa, lakini jina hilo nao walilipata kwa Waajemi. Mtu wa kwetu akionja ile ya Karachi mara ya kwanza, viazi vyenye viungo vingi, atatambua umbo, ladha itamshangaza. Na bukari je? Mahindi na muhogo vilitoka Amerika baada ya mwaka 1492. Leo nani anafanya karamu bila bukari? Basi tusiulize chakula kilitoka wapi. Tuulize nani anamfundisha mtoto kukipika. Mila isiyofundishwa inakufa, hata kama ni ya bankambo.