Kwanza Zilingane

Bima ya gari nchini Kenya haina bei moja. Gari ni lile lile, mwenyewe ni yule yule, na bado kampuni tatu zitakupa bei tatu, pengine zikiachana kwa elfu kumi na zaidi. Wengi wetu tukiziona hukimbilia iliyo ndogo, tukalipa, tukasahau hadi mwaka ujao. Wachache wanajua kukaa na hizo karatasi tatu na kuzihoji. Mmoja wao ni ajenti wa bima hapa Mombasa, mama wa makamo mwenye chumba kimoja cha ofisi ghorofani, si mbali na Barabara ya Nkrumah. Nimekaa naye mara nyingi nikimtazama akifanya kazi, na kila nikitoka pale huwa naheshimu zaidi jambo ambalo wengine huliona ni kupiga simu na kuomba upunguziwe.

Mteja akiingia na kuuliza, "Mama, komprehensivu ni ngapi siku hizi?" hapewi bei. Anaombwa logibuku. Kisha maswali yanaanza, kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani. Gari linalala wapi, ndani ya geti au barabarani? Nani mwingine analiendesha, na leseni yake ina muda gani? Lina traka? Mwaka jana uligonga au uligongwa, na ulidai? Kila jibu lina fedha ndani yake. Kijana aliyepata leseni juzi akikalia usukani na kugonga, mwenye gari huongezewa sehemu ya hasara ya kubeba mwenyewe, ile inayoitwa eksesi. Gari lenye kifaa cha kuzuia wizi likiibwa, kwa kawaida mwenyewe hubeba asilimia 10 ya thamani yake; lisilo nacho, asilimia 20. Wateja huona maswali haya ni maneno mengi. Yeye anajua kwamba bei iliyopatikana kwa majibu ya kubahatisha itavunjika siku ya ajali.

Thamani ya gari ndiyo inayomchukua muda zaidi, na ndipo nilipoanza kuuona ufundi wenyewe. Mtu anayetaka bima rahisi hushawishika kutaja thamani ndogo, kwa sababu ada hupigwa kwa asilimia ya thamani hiyo. Mama huyu hakubali. Humwandikia mteja hesabu kwenye kipande cha karatasi: gari la milioni 1 umelitaja kuwa la 750,000, umelikatia robo tatu tu. Likipata hasara ya 200,000, kampuni itakulipa robo tatu ya hasara, yaani 150,000, na bado haijatoa ile sehemu yako. Kinyume chake nacho anakikataa. Wapo wanaoendelea kulipia thamani ya miaka mitatu iliyopita wakidhani likiibwa watalipwa kiasi kile kilichoandikwa, ilhali kampuni hulipa bei ya soko ya siku hiyo. Basi gari huenda kwa mthamini, na kampuni za bima hugharamia kazi hiyo zenyewe. Wenye gari wengi hawajui hata kwamba wangeweza kuomba lithaminiwe upya. Nimeona watu wakipunguziwa ada kwa njia hiyo peke yake, kabla ya neno lolote la kuombana.

Baada ya hapo ndipo anapotuma maombi ya bei, na majibu yakirudi huchukua rula. Hilo la rula nalipenda sana. Ana kompyuta, lakini karatasi hii huichora kwa mkono: kampuni juu, vipengele ubavuni, kila kipengele na mstari wake. Ada. Bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Kinga ya eksesi. Kioo cha mbele. Gharama za kuvuta gari. Kiwango cha hasara ya mali ya watu wengine. Eksesi ya wizi. Gereji, ya kwao au ya kwako? Palipo na jibu huandika namba. Pasipo na jibu huacha wazi na kulizungushia duara jekundu.

Nilimtazama akifanya hivyo kwa gari la mwalimu mmoja wa sekondari, Toyota Axio iliyothaminiwa shilingi 1,450,000. Kampuni ya kwanza ilitaka asilimia 4, yaani 58,000. Ya pili ilitaka asilimia 3.5, yaani 50,750. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mama akaanza kuijaza safu ya pili pole pole. Kumbe bei ile haikuwa na bima ya vurugu za kisiasa, ambayo hutozwa asilimia 0.25 ya thamani: 3,625. Haikuwa na kinga ya eksesi pia, asilimia 0.25 nyingine: 3,625. Akajumlisha, ikatoka 58,000, shilingi kwa shilingi. Kampuni ya kwanza vyote viwili ilikuwa imevitia ndani. Juu ya zote kuna tozo za serikali, asilimia 0.2 ya ada kwa mafunzo na asilimia 0.25 kwa mfuko wa kufidia wenye bima, pamoja na shilingi 40 za stempu, lakini hizo hazikwepeki na viwango vyake havibadiliki, kwa hiyo hazimpotezei muda.

Mtu angeweza kusema basi mwalimu achukue hiyo ya 50,750 bila nyongeza. Ni haki yake, na mama alimwambia hivyo. Ila alimfafanulia anachokiacha. Eksesi ya gari lake ni asilimia 2.5 ya thamani, yaani 36,250 kila anapodai matengenezo. Kinga inayomwondolea mzigo huo inagharimu sehemu ya kumi yake. Kuhusu vurugu za kisiasa, hapa Kenya hakuna haja ya kueleza sana. Magari yaliyochomwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafundisha watu wengi kwamba bima ya kawaida haigusi hasara ya aina ile. Mimi binafsi naona anayekiondoa kipengele hicho ili aokoe elfu tatu na kitu anajinyima mahali pabaya.

Sasa bei zililingana, na hapo ndipo alipoinua simu kuipigia kampuni ya kwanza. Nimeelewa polepole kwa nini hapigi kabla. Anayepiga simu akisema "mwenzako amenipa rahisi" huulizwa swali moja tu, "rahisi kwa vipengele gani?" na akikosa jibu mazungumzo yamekwisha. Yeye huwa ameshalijibu swali hilo kwa rula.

"Shikamoo mama," kijana wa upande wa kupanga bei akapokea.

"Marahaba mwanangu. Hujambo, na watoto?"

"Hatujambo, mama."

"Ile Axio ya mwalimu. Umeniandikia nne."

"Ndiyo, ni bei yetu ya kuanzia milioni moja hadi kabla ya moja na nusu."

"Na likifika moja na nusu?"

"Tatu na nusu."

"Basi la milioni moja na nusu linalipa hamsini na mbili na mia tano. Hili dogo lake linalipa hamsini na nane. Na huyu mwalimu hajadai hata mara moja, barua ya kampuni aliyotoka ninayo hapa. Traka anayo. Nisaidie nimjibu leo."

Akanyamaza. Nataka kuusema huu unyamavu kwa sababu ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Hakuongeza sababu ya nne, hakujichekesha, hakusema "hata kidogo tu." Kalamu aliilaza mezani. Upande wa pili karatasi zilisikika zikifunuliwa, kijana akaomba dakika akamwone meneja, na muda wote ule mama alibaki na simu sikioni akimtazama mwalimu kwa utulivu.

"Tatu na robo tatu, mama, vyote ndani. Meneja hashuki zaidi."

"Ahsanteni sana. Basi kioo nipandishie kutoka thelathini kiwe hamsini."

Akapandishiwa. Ada ikawa 54,375. Nyongeza ya kioo, ambayo kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya kiasi kinachozidi, ingekuwa shilingi 2,000. Ukiviunganisha, mwalimu aliokoa 5,625 bila kupunguza hata mstari mmoja katika ile karatasi. Wala hakuna uongo uliosemwa. Mama hakubuni bei ya mshindani, hakulitaja gari kuwa la milioni moja na nusu ili lipande daraja, ingawa lilipungukiwa na 50,000 tu. Alichofanya ni kuwaonyesha ngazi yao wenyewe mahali ilipopinda. Ngazi za namna hii ni za kawaida katika bima za magari, asilimia hushuka kadiri thamani inavyopanda, na aliye chini kidogo ya daraja huumia. Kuijua ngazi ya kila kampuni, na kujua ni nani mwenye mamlaka ya kulegeza wapi, ni elimu ya miaka.

Kulikuwa na karatasi ya tatu ambayo sijaitaja. Ilikuwa asilimia 3, yaani 43,500, na mama aliisoma hadi mwisho kwa adabu ile ile, kisha akaiweka pembeni. Alipoulizwa na mwalimu alisema kwamba kampuni ile huchelewa kulipa gereji, na gari hukaa huko wiki kwa wiki. Hajali sana ukubwa wa jengo la kampuni. Anajali inalipa lini. Wakenya wana sababu ya kuliangalia hilo. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield nayo mwaka 2011, na wenye matatu wengi walibaki na kesi za abiria waliojeruhiwa wasijue nani atalipa. Mfuko wa kufidia wenye bima upo, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa dai, ilhali sheria ya bima ya wahusika wengine, Sura ya 405, inafikiria fidia ya hadi milioni 3 kwa mtu mmoja. Pengo hilo humwangukia mwenye gari. Kwa hiyo kila mwaka mama huyu hutazama orodha ya kampuni zilizopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na pia huwauliza wenye gereji. Hao wa gereji, husema, ndio wanaojua mapema.

Si kila gari analotaka kulikatia bima kamili. Gari lililozeeka, ambalo kampuni nyingi hazilitaki tena kwa bima hiyo, humshauri mwenyewe achukue thadi pati, yaani bima ya wahusika wengine tu, ya elfu chache na atie akiba kinachobaki. Hapo kamisheni yake inakuwa ya kununulia chai tu. Hata kwa mwalimu hesabu ilimgeukia yeye: ajenti hupata asilimia 10 ya ada, kwa hiyo kila shilingi aliyoishusha imemkata senti kumi. Nilipomwuliza, alinijibu huku akiandika kwamba mteja aliyeona rula ikichorwa mbele yake haendi kutafuta ajenti mwingine.

Malipo aliyataka yaende kwenye namba ya kampuni yenyewe, si ya simu yake. Sheria ya Bima haiiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, na fedha iliyolala mfukoni mwa ajenti haijafika. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia, cheti kikaja kwa simu, na akakilinganisha na logibuku: namba ya usajili, namba ya chesisi, tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kisha akafungua shajara na kuliandika jina la mwalimu mwezi mmoja kabla ya bima kuisha. Anayeomba bei siku ya mwisho, gari likiwa haliwezi kutoka getini, hana nguvu ya kunyamaza kwenye simu. Mwakani Axio itakuwa imeshuka thamani, huenda iwe 1,300,000, na ile hoja ya kupungukiwa na hamsini haitafaa tena. Chini ya jina akaandika la kutafuta badala yake: bei ya kampuni mbili mpya, na barua ya mwaka mwingine bila dai.