Neno "Mazoezi" na Masikio ya Wananchi

Ushauri wa afya ni kazi ya lugha kabla haujawa kazi ya mwili. Kwa hiyo hatuna budi kuupima kama tupimavyo shairi: je, msikilizaji amejiona ndani yake?

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili kwa nguvu za wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma. Mwongozo huo wahesabu pia kazi, mwendo wa miguu na shughuli za nyumbani. Lakini ukifika kwetu, mara nyingi hufupishwa kuwa maneno mawili: "Fanyeni mazoezi." Hapo ndipo ilipo kasoro.

Neno zoezi limetokana na kuzoea. Kwa asili lataja desturi. Masikioni mwa wengi, hata hivyo, lina maana ya viatu vya raba, fulana na kukimbia alfajiri. Mwulize bibi arejeaye kutoka shambani Kerege, jembe begani, kama hufanya mazoezi. Atacheka na kusema hayo ni ya vijana. Mwulize mwenye duka kando ya barabara ya Bagamoyo, ashindaye kitini. Naye atasema hana nafasi. Wa kwanza amenyimwa sifa anayostahili. Wa pili amepewa udhuru. Na huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kukaa kutwa huandamana na kisukari na maradhi ya moyo.

Tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana na kiongozi wao, kisha wakachimba vyoo. Ushauri ule haukuishia kwenye amri. Uliacha nafasi ya jibu.

Basi ushauri wa leo na utaje vitendo kwa majina yake: kulima, kutwanga, kuteka maji, kwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Uutaje na mdundiko, ngoma ya Wazaramo ambayo wachezaji wake hutembea huku wakicheza. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Ushauri nao hauna budi kucheza kwao.

Ndugu walimu na wanafunzi, chukueni tangazo moja la afya, mlisome mbele ya wazee wa kijijini, kisha muwaombe walieleze kwa maneno yao wenyewe. Wasipojiona ndani yake, liandikeni upya pamoja nao.