Ndugu Aliyepatikana: Ukoo na Hila katika "Maisha" ya Tippu Tip

Miongoni mwa maandishi ya kale ya Kiswahili yanayohusu njia ya misafara, mojawapo yanayotajwa sana ni "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip". Wanahistoria wanayasoma kwa ajili ya habari za pembe na majina ya watawala. Wanaisimu wanayasoma ili waone Kiswahili cha Unguja kilivyokuwa kabla ya kusanifishwa. Sisi wa fasihi mara nyingi tunayataja kama mfano wa mapema wa tawasifu, tunaweka nukta, halafu tunahamia kwa Shaaban Robert. Makala haya yana shabaha moja tu: kuyasoma "Maisha" kama kitabu cha ukoo. Ninadai kwamba mna kisa kimoja ndani yake kinachomhusu moja kwa moja kila mtu anayetafuta leo mababu waliopotelea katika njia ile, na kwamba kisa hicho hakieleweki vizuri kwa kutazama maudhui peke yake. Lazima tutazame na fani, hasa mpangilio wa usimulizi.

Kwa wasiokifahamu kitabu: Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja karibu na mwaka 1837 na kufariki huko huko mwaka 1905, aliandika habari zake uzeeni kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliigeuza hati hiyo kuwa ya Kirumi na kuitoa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akaitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na toleo hilo ndilo linalopatikana zaidi katika maktaba zetu.

Tuanze na Tabora, maana kisa chenyewe kinatokea mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini somo lake lilifundishwa Unyanyembe. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa pale, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa hiyo haikuwa mambo ya nyumbani tu. Mtu wa pwani aliyeingia katika ukoo wa mtemi alipata njia, ulinzi na sauti katika mambo ya utawala. Na Fundikira alipofariki mwaka 1858, ugomvi wa urithi uliomwondoa Mnywa Sere na kumweka Mkasiwa uliwahusu Waarabu wa Tabora kama uliowahusu Wanyamwezi wenyewe. Kwa hiyo kijana Hamed alikulia katika mazingira ambamo udugu ulikuwa mtaji, sawa na bunduki na shanga.

Sasa hebu tutazame alivyoutumia mtaji huo. Mwaka 1867 alimpiga Nsama wa Itawa kwa bunduki na kuchukua pembe zake nyingi. Hiyo ni njia moja. Miaka michache baadaye anafika upande wa mto Lomami, karibu na Utetera, nchi ya mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie. Hapa hatumii bunduki kwanza. Anasikia kwa watu wa njiani kwamba zamani sana mtawala yule alipotelewa na dada zake, waliotekwa vitani na kupelekwa mbali. Akishasikia hayo ndipo naye anatoa habari zake: kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alipata kumchukua mwanamke kutoka bara, na mwanamke huyo ndiye dada aliyepotea. Kwa hiyo yeye Hamed ni mjukuu, ni damu ya nyumba ile, amerudi! Mzee anampokea, anafurahi, na hatimaye anamkabidhi nchi. Pembe zinaanza kumiminika. Msafiri Mwingereza Cameron alipomkuta mwaka 1874, Tippu Tip alikuwa tayari ni mtu mwenye nchi.

Wasomaji wengi wamekichukulia kisa hiki kuwa ujanja wa kuchekesha, na kwa kweli kimesimuliwa kwa utulivu wa mtu anayefurahia akili zake. Lakini tukiishia kwenye kicheko tutakuwa tumeshirikiana na msimulizi. Hebu tujiulize: tunajuaje kuwa ni hila? Hakuna mahali msimulizi anapokiri waziwazi. Tunajua kwa sababu ya mpangilio. Kwanza anaambiwa habari za ndugu waliopotea, kisha anazirudisha kwa walewale waliomwambia, zikiwa zimevalishwa jina la babu yake. Hakuna jambo hata moja analolijua kuhusu dada yule ambalo hakuambiwa kwanza. Kama angeanza yeye kutoa habari, na mzee akathibitisha, tungekuwa na shaka ya haki. Kumbe fani ndiyo inayomshitaki mwandishi, ingawa maneno yake yanajisifu.

Hapa ndipo ninapoona kwamba uhakiki unaweza kumsaidia mtu wa kawaida nyumbani kwake. Katika Tabora, Ujiji, Bagamoyo na hata Kariakoo wapo watu wengi wanaotafuta asili ya bibi au babu mmoja aliyefika na msafara. Mara nyingi wanakwenda kwa wazee na swali lenye jibu ndani yake: "Eti bibi alitoka Urua, siyo?" Mzee, kwa heshima au kwa kuchoka, anaitikia. Tayari ukoo umepatikana! Hiyo ni njia ya Utetera tupu. Anayeulizwa hapaswi kupewa hadithi kabla hajaitoa ya kwake. Mwache mzee ataje mwenyewe mto, chakula, neno la lugha iliyosahaulika, jina alilopewa mtoto kwa kumbukumbu ya fulani. Halafu ndipo ulinganishe.

Lakini kisa kina upande wa pili, ambao nadhani ni mzito zaidi. Kwa nini Kasongo Rushie aliamini? Jibu rahisi ni kwamba alikuwa mzee na alidanganyika. Jibu hilo halinitoshi. Hila haifanyi kazi pasipo kiu. Mzee huyu alikuwa amekaa miaka mingi sana na habari za dada zake, na watu wake walizijua kiasi kwamba hata mgeni wa njiani aliweza kuzisikia. Yaani waliotekwa hawakusahauliwa. Sisi tulioko upande huu wa njia tumezoea kufikiri kwamba waliopotea ni wale waliochukuliwa tu, na kwamba huko walikotoka mlango ulifungwa. "Maisha" yanatuonyesha, bila kukusudia, kwamba mlango uliachwa wazi, na aliyeingia ni mfanyabiashara. Mtu ambaye misafara yake ilitenganisha ndugu wengi ndiye aliyepewa nchi kwa jina la ndugu aliyerudi. Na yule dada mwenyewe, popote alipofia, hakurudi wala hakurithi kitu. Katika kitabu hasemi hata neno moja.

Kimya hicho kinaendana na jinsi kitabu kizima kinavyogawa majina. Waarabu na waungwana wa pwani wana "bin" juu ya "bin", ngazi ya nasaba inayopanda mpaka Maskati. Wapagazi na mateka wanatajwa kwa makundi. Hapa lazima tuwe waangalifu: si kila aliyepita njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira, na wapo waliobaki pwani kwa hiari yao wakazaa huko. Mjukuu wa mpagazi anatafuta mtu aliyeondoka Unyanyembe; mjukuu wa mateka anatafuta mtu aliyeletwa. Ni maswali mawili tofauti, ingawa barabara ni ile ile.

Kwa walioletwa, njia iliwabadilisha hata majina. Neno "Wamanyema" tunalolitumia Tabora na Kigoma linawafunika Wabangubangu, Wagoma, Wabuyu na wengine wengi wa mashariki ya Kongo. Ni jina la nchi walikotoka jinsi ilivyoitwa na misafara, likageuka kuwa kabila. Kuna methali tunayoipenda sana katika midahalo yetu: mwacha asili ni mtumwa. Nikiisoma kutoka Tabora naiona imepinda. Watu hawa hawakuwa watumwa kwa sababu waliacha asili. Walinyang'anywa asili kwa sababu walifanywa watumwa. Methali inamtupia lawama aliyeporwa.

Inafaa tulinganishe na kitabu kingine, "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela ni mtoto wa watu waliokombolewa na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Yeye anaanzia pale ambapo Tippu Tip ananyamaza, yaani kwa aliyetekwa. Wahakiki wamemlaumu, na kwa haki, kwa jinsi anavyowasifu Waingereza kana kwamba uhuru ni zawadi yao. Hata hivyo, kimsimamo yeye ni mtoto anayetaka wazazi wake wawe na hadithi. Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja tunaona kwamba Tippu Tip ana ukoo wa kutosha na anaongeza mwingine kwa hila, ilhali Mbotela anaandika kitabu kizima ili ukoo wake usianzie kwenye meli iliyowaokoa.

Na karibu zaidi na siku zetu, Abdulrazak Gurnah katika "Afterlives" ya mwaka 2020 anamtuma kijana Ilyas kumtafuta mjomba wake aliyepotea baada ya vita vya Wajerumani. Kijana anampata Ujerumani, katika majalada: alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Fumbo linafumbuliwa, lakini angalia kwa nini. Mjomba aliwahi kuwa askari, dola ikamwandika na ikaendelea kumwandika mpaka ikamwua. Jalada humpata yule aliyehesabiwa. Suria aliyeletwa Tabora akabadilishwa jina hana jalada la namna hiyo. Labda yumo katika barua za uhuru zilizotolewa enzi za Wajerumani, au katika vitabu vya ubatizo vya Mababa Weupe waliofika Tabora mwaka 1878. Vinginevyo yumo katika vinywa vya wajukuu tu.

Wapo watakaosema: kwa nini tufukue? Hoja yao si ya kupuuzwa. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, na kutouliza huko kumetusaidia kuishi pamoja. Tena katika nyumba nyingi kimya cha wazee kilikuwa ngao. Utumwa ulifutwa rasmi Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu haikufutwa kwa sheria, na bibi aliyekataa kusema alikotoka alikuwa anamlinda mwanawe asidharauliwe wakati wa posa. Nakubali. Ila ngao hiyo imeacha uwanja kwa wenye "bin" nyingi. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na ni vizuri lihifadhiwe. Waliochota maji ya tembe lile nani anawajua? Tukinyamaza sote kwa ajili ya amani, kinachobaki kusomwa ni "Maisha" ya Tippu Tip, na kila msomaji mpya atacheka pale tulipochekeshwa sisi.

Kwa hiyo aibu iko mahali pasipo pake, na kazi ya mhakiki ni kuihamisha. Kuwa mjukuu wa mateka si fedheha. Kujifanya mjukuu wa mateka ili upate pembe, hiyo ndiyo fedheha, na iliandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Ningependa wenzangu wanaofanya utafiti wa fasihi simulizi likizoni watoke kidogo kwenye vitendawili na ngano, wakusanye na masimulizi ya koo katika mitaa ya Tabora, wakiandika bayana nani alisema nini kwanza na nani aliuliza vipi. Na wanapomsoma Tippu Tip, wakifika Utetera wasimtazame mgeni peke yake. Wamtazame na mzee aliyeketi mbele yake, anayesikiliza habari za dada yake.