Tunamcheka nani katika 'La Vie est belle'?

Sisi wa Ziwa Victoria, kuanzia Mbita hadi kisiwani Takawiri, muziki wowote kutoka Kongo tunauita Lingala. Jina la lugha limegeuka kuwa jina la muziki. Maneno yenyewe wengi wetu hatuyaelewi, tunacheza tu. Nahisi ndivyo ilivyotazamwa pia filamu ya La Vie est belle, yaani 'maisha ni matamu', ya mwaka wa 1987, iliyoongozwa na Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Tulimwona Papa Wemba akiimba, tukamwona Pepe Kalle, tukaridhika. Wahakiki nao wakakimbilia kwa Sembène Ousmane. Ati kichekesho hakina uzito!

Ebu tukitazame kisa chenyewe. Kourou, mwanamuziki wa kijijini, anaingia Kinshasa na kuajiriwa kazi ya boi kwa Nvouandou, tajiri mwenye klabu. Tajiri huyu ana kila kitu isipokuwa nguvu za kiume. Mganga anamwagiza aoe msichana bikira, kisha asimguse kwa siku 30. Anayeolewa ni Kabibi, yule yule anayependwa na boi.

Watazamaji huangua kicheko. Lakini hii ni Zaire ya Mobutu, rais wa kofia ya ngozi ya chui, ambako kumkosoa mkubwa hadharani kulikuwa hatari. Filamu haimtaji rais wala waziri. Inatuonyesha tu mkubwa mwenye mali na wake wawili, ambaye usiku hawezi lolote. Aliye na macho aelewe.

Na Kabibi je? Hapo kicheko changu hukatika. Msichana ameletwa kama dawa. Katika fuo zetu baadhi ya akina mama huitishwa miili yao kabla ya kuuziwa samaki. Tunaita jaboya, tena tunalitamka kwa mzaha.

Kasoro ipo. Wahusika huzungumza Kifaransa kupita kiasi. Boi wa Kinshasa na wenzake wa mtaani wangetaniana kwa Lingala, na utani huo tumeukosa.

Ngangura alitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Ouagadougou mwaka wa 1999 kwa Pièces d'identités. Wanafunzi wangu huja na hiyo darasani. Mimi huwaanzishia na ile ya Papa Wemba.