Nyigu Asiye Nyigu

Kando ya mafunjo ya Dunga, nje kidogo ya Kisumu, mdudu ametua kwenye ua la lantana. Kiuno chembamba, tumbo la mistari ya njano. Aliyewahi kudungwa na nyigu angeshakimbia. Mtambuzi wa nzi anainama na kuhesabu mabawa.

Nyigu ana manne. Huyu ana mawili, na nyuma yake vijiti viwili vyenye vichwa kama vya njiti za kiberiti, vya kumpa mizani angani. Basi ni nzi. Vazi ni la kuazima, mwiba hana.

Jina bado liko mbali. Mdudu hupigwa pini kifuani, kulia kidogo ya mstari wa kati, ili walau upande mmoja ubaki mzima kwa macho ya watakaokuja. Kisha hadubini, na pembeni ufunguo wa utambuzi: kila hatua kauli mbili, uchague moja. Mrija wa mdomo ni mrefu, umekunjwa kama kiwiko. Vijicho vitatu vya utosini havipo. Mishipa ya bawa imefunga chumba kimoja kabla hakijafika ukingoni. Tumefika Conopidae, ukoo ambao kwa kawaida jike humvamia nyuki au nyigu na kumtia yai kati ya pingili za tumbo. Funza akianguliwa, hula humo humo.

Sasa paja la nyuma. Limevimba upande wa nyonga, likasinyaa kuelekea goti: jenasi Physocephala.

Maelezo haya yanasomeka upesi, lakini paja hilo moja hugeuzwa chini ya taa mara tatu, nne. Ufunguo haukukaripii ukikosea. Unakuongoza kwa upole ule ule hadi kwenye jina la uongo. Kwa hiyo fundi akifika mwisho huanza upya, safari hii akijitilia shaka.

Ndipo lebo huandikwa, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba: Kenya, Kisumu, Dunga, tarehe, jina la aliyemkamata. Kwenye lebo ya pili: Physocephala sp. Herufi hizo mbili za mwisho zina maana kwamba jenasi imejulikana, spishi bado. Mwanafunzi huona haya kuziandika, akatafuta picha inayofanana ajaze jina zima. Fundi huziandika kwa mkono uliotulia, akafunga kisanduku.